Mzio wa chakula kwa watoto wadogo: Tahadhari zinazofaa nyumba za Mukumu

MTOTO wa mwaka mmoja na nusu katika boma la Mukumu hulishwa na watu wengi. Mama humpa uji wa asubuhi kabla ya kwenda shambani au kazini. Nyanya, ambaye watoto wa huko humwita kukhu, humkatia kipande cha kiazi kitamu. Dada yake arudipo shuleni humgawia andazi, na jirani humtilia kiganjani njugu karanga alizokaanga za kuuza kando ya barabara ya Kisumu.

Huo ndio ukarimu uliowalea Waluhya tangu jadi. Lakini kwa mtoto ambaye mwili wake hukikataa chakula fulani, ukarimu huo huo waweza kumtia hatarini, kwani kila mkono unaomlisha unahitaji kujua kile ambacho mama anakijua.

Hali hiyo huitwa mzio wa chakula, na wengi huijua kwa jina la aleji. Haiwapati watoto wengi, wala haina tiba ya mara moja. Hata hivyo, familia inayoielewa huweza kumlea mtoto wake salama bila gharama kubwa. Familia isiyoielewa hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni ya ghafla: mtoto kuishiwa pumzi baada ya kula. Ya pili huja polepole, nayo ni mtoto kudhoofika kwa sababu ameondolewa vyakula ambavyo havikumdhuru kamwe.

Mukumu iko kusini mwa mji wa Kakamega, kwenye barabara kuu iendayo Kisumu, katika nchi ya Waisukha. Inajulikana zaidi kwa misheni ya Kikatoliki iliyofunguliwa na Wamisionari wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20, Shule ya Wasichana ya Sacred Heart na Hospitali ya Mtakatifu Elizabeth. Vyakula vya wenyeji ni ugali wa mahindi au wa wimbi na mtama, kuku, maharagwe, njugu karanga na njugu mawe, viazi vitamu, mboga za kienyeji kama kunde, mnavu na mrenda, pamoja na omena zinazotoka Ziwa Victoria. Msimu wa mvua uingiapo, kumbikumbi huongezwa. Baadhi ya vyakula hivi huhusika sana na mzio, na vingine ndivyo vinavyoweza kumwokoa mtoto mwenye mzio asipate utapiamlo.

Mwili unapokosea adui

Mfumo wa kinga ya mwili kazi yake ni kupambana na vijidudu. Katika mzio, mfumo huo hukosea na kuichukulia protini ya chakula kisicho na madhara, kama vile yai au njugu, kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili za aina maalumu ziitwazo IgE, ambazo hujishikiza kwenye seli za ngozi, za njia ya hewa na za tumbo. Mtoto anapokula chakula hicho tena, seli hizo hupasua vifuko vyake na kumwaga kemikali, ikiwemo histamini. Kemikali hizo ndizo zinazosababisha mwasho, uvimbe, kutapika na kubanwa na pumzi.

Elimu hii imejengwa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 1902, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza jinsi mnyama aliyewahi kudungwa sumu kidogo alivyoweza kufa haraka akidungwa tena kiasi kisichotosha kumwua mwingine. Hali hiyo waliiita anafilaksia, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913. Neno aleji lenyewe lilibuniwa mwaka wa 1906 na daktari wa watoto kutoka Austria, Clemens von Pirquet.

Barani Afrika, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 nchini Afrika Kusini uliwapima watoto wa umri wa miezi 12 hadi 36. Katika jiji la Cape Town, watoto wapatao asilimia 2.5 walipatikana na mzio halisi wa chakula. Katika eneo la mashambani la Rasi ya Mashariki, idadi hiyo ilikuwa asilimia 0.5 pekee. Mzio uliojitokeza zaidi ulikuwa wa mayai, ukifuatwa na wa njugu karanga. Kwa hivyo mzio upo hata vijijini ijapokuwa ni nadra, na si kila mtoto anayeumwa na tumbo ana mzio.

Si sumu wala jicho

Kwa kuwa dalili za mzio hutokea ghafla baada ya kula, aghalabu watu hushuku mambo mengine. Mtoto akivimba midomo muda mfupi baada ya kulishwa kwa jirani, kuna watakaonong'ona kuwa amewekewa sumu au amepigwa jicho baya. Shaka ya namna hiyo imewahi kuvunja ujirani wa miaka mingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba chakula kinachosababisha mzio ni chakula kizuri, na watoto wengine waliokila katika sahani hiyo hiyo huendelea kucheza bila tatizo lolote.

Hapo ndipo mzio unapotofautiana na chakula kilichochafuka. Wenyeji wa Mukumu hawajasahau mkasa wa mwaka wa 2023, ambapo Shule ya Wasichana ya Sacred Heart ilifungwa mwezi wa Aprili baada ya wanafunzi wengi kuugua na baadhi yao kufariki. Uchunguzi wa maabara uliuhusisha ugonjwa huo na bakteria. Chakula au maji yenye bakteria huwaangusha wengi kwa pamoja, na mara nyingi huleta homa na kuhara kwa siku kadhaa. Mzio humshika mmoja, bila homa, naye hushikwa tena kila anapokila chakula kile kile.

Hali nyingine inayochanganywa na mzio ni ya tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa. Mtu wa hali hiyo hujaa gesi, huumwa na tumbo na kuhara anywapo maziwa mengi, lakini hawezi kupoteza maisha kwa kuishiwa pumzi. Waafrika wengi huwa nayo wakishakua, ila ni nadra kwa mtoto wa umri wa kunyonya, isipokuwa kwa muda mfupi baada ya kuhara sana.

Ishara za mapema

Dalili za mzio wa haraka huanza kati ya dakika chache na saa mbili baada ya kula. Kwenye ngozi, mtoto hutokwa na mabaka yaliyovimba yanayowasha, au huvimba midomo, macho na uso. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Mzazi anashauriwa kupapasa kwa vidole na kutazama kwa mwanga wa pembeni ili auone uvimbe. Tumboni, mtoto hutapika ghafla na kulia kwa maumivu.

Dalili za hatari ni zile za pumzi na za mzunguko wa damu. Mtoto hukohoa mfululizo, hukoroma au kupiga mluzi kifuani, sauti ya kilio chake hubadilika kuwa ya kukwaruza, ulimi huvimba, na mate humtoka kwa kushindwa kumeza. Pengine hulegea ghafla, huwa baridi na kusinzia isivyo kawaida. Kwa kuwa mtoto wa umri huo hawezi kusema kwamba koo linambana, huenda akajikuna ulimi, akajivuta masikio au akamng'ang'ania mama bila sababu inayoonekana.

Upo pia mzio wa polepole usiotokana na kingamwili za IgE. Huu huonekana baada ya saa kadhaa au siku kwa kutapika kunakorudiarudia, kamasi au damu chooni, na uzito kutoongezeka. Mtoto mwenye ukurutu mkali tangu uchangani yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata mzio wa chakula kuliko mwenzake mwenye ngozi laini.

Vyakula vinavyosababisha visa vingi vya mzio ni maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu karanga, njugu za miti kama korosho, samaki, kamba na jamii yake, ngano, soya na simsim. Kwa mtoto wa Mukumu, orodha hiyo humaanisha chai ya maziwa, yai la kuku wa kienyeji, njugu za kukaanga, omena, chapati na mandazi. Kumbikumbi nao wanahitaji uangalifu, kwani protini zao zafanana na za kamba, na mtu mwenye mzio wa kamba huenda akadhurika kwa wadudu wanaoliwa.

Siri iliyomo kwenye unga wa uji

Katika kijiji ambako vyakula vingi havina karatasi ya maelezo, hatari iliyojificha zaidi imo katika unga wa uji. Wazazi wengi nchini Kenya huamini kwamba uji ulio bora ni ule uliochanganywa vitu vingi. Wimbi, mtama, mahindi na muhogo husagwa pamoja na soya, njugu karanga, simsim na hata omena zilizokaushwa. Nia ni njema, kwani mchanganyiko huo huongeza protini. Lakini mtoto akitapika au kuvimba baada ya kuunywa, mama hawezi kujua ni kipi kati ya vitu hivyo kilichomdhuru.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa lishe hushauri kwamba mtoto anapoanza kula, apewe vyakula vipya kimoja kimoja. Unga wa kwanza uwe wa nafaka moja, tuseme wimbi. Akishauzoea kwa siku chache, aongezewe kitu kingine, na hivyo hivyo mpaka familia ijue kila kimoja kinavyompokea. Baada ya hapo mchanganyiko hauna shida.

Kwa mtoto ambaye tayari amethibitishwa kuwa na mzio wa njugu, unga wa kupima sokoni usiojulikana vilivyomo haufai. Hata wimbi safi lililosagwa kwa kinu cha umma huweza kuchukua mabaki ya njugu au soya ya mteja aliyetangulia. Mama anaweza kumwomba mwenye kinu amsagie wa kwanza asubuhi baada ya kinu kusafishwa, au atenge unga wa mwanzo unaotoka kwa ajili ya watu wazima. Anayeweza kusaga nyumbani kwa jiwe au kutwanga kwa kinu chake mwenyewe huwa amejiepusha na tatizo hilo.

Mafuta ya kukaangia nayo yana yake. Sufuria iliyokaangiwa omena, kisha ikakaangiwa viazi kwa mafuta yale yale, hubeba protini ya samaki. Mwiko uliokoroga mchuzi wa njugu ukitumbukizwa katika chungu cha mboga, mboga hiyo haimfai tena mtoto mwenye mzio wa njugu. Mikono isafishwe kwa sabuni na maji. Maji matupu hayaondoi vizuri protini ya njugu, wala vitakasa mikono vilivyoenea tangu janga la Covid-19 havifanyi kazi hiyo.

Uchunguzi wa kweli

Hakuna kipimo kinachoshinda maelezo mazuri ya mzazi. Daktari atataka kujua mtoto alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, zilichukua muda gani, na kama zimewahi kutokea tena kwa chakula hicho. Mama anayeandika mambo hayo katika daftari, au kuyahifadhi kwenye simu pamoja na picha za vipele kabla havijatoweka, humsaidia daktari kuliko anayefika na kumbukumbu peke yake.

Kipimo cha kuchoma ngozi kwa tone la chakula na kile cha kupima IgE katika damu huja baadaye. Vyote viwili huonyesha kwamba mwili umetengeneza kingamwili, lakini havithibitishi kwamba mtoto ataugua akila. Jambo hili lina uzito wa pekee katika maeneo yenye minyoo na kichocho. Utafiti uliofanywa nchini Ghana na kuchapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba watoto wenye kichocho waliweza kuwa na IgE nyingi dhidi ya njugu karanga ilhali walikuwa wakizila bila tatizo. Kwa hivyo mzazi aliyepewa karatasi yenye orodha ndefu ya vyakula vya kuepukwa, hali mtoto wake huvila vingi vya hivyo kila siku akiwa mzima, ana haki ya kumwuliza daktari maswali zaidi.

Pale ambapo shaka haijaondoka, mtoto hupewa chakula hicho kidogo kidogo hospitalini, mbele ya wahudumu walio tayari na dawa. Jaribio hilo halifanywi nyumbani kwa mtoto aliyewahi kuishiwa pumzi au kulegea.

Asiondolewe asichodhurika nacho

Hofu ikishaingia nyumbani, mama huanza kuondoa. Leo mayai, kesho maziwa, kesho kutwa maharagwe na samaki, hadi mtoto anabaki na uji mweupe na ugali kwa supu ya mboga. Umri wa mwaka mmoja hadi mitatu ni wakati ambapo ubongo na mifupa hukua upesi, na upungufu wa lishe huacha alama ya kudumu. Mwaka wa 1933, Daktari Cicely Williams aliandika kuhusu kwashakoo kule Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, baada ya kuwaona watoto walioachishwa ziwa na kulishwa nafaka ya mahindi tupu. Ugonjwa huo haujatoweka, na mtoto mwenye mzio asiyepewa badala ya alichonyimwa huweza kuupata katika nyumba yenye chakula cha kutosha.

Kanuni ni kuondoa kile tu kilichothibitishwa, na kila kinachoondolewa kitafutiwe mbadala siku hiyo hiyo. Aliyekatazwa mayai apewe kuku, ini, samaki au maharagwe yaliyopondwa. Aliyekatazwa njugu aongezewe parachichi, maharagwe na kijiko cha mafuta ya kupikia katika uji. Aliyekatazwa ngano hana hasara kubwa, kwani ugali, wimbi, viazi vitamu, nduma na ndizi vipo tele.

Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe anahitaji uangalifu zaidi. Maziwa ya mbuzi hayafai kuwa mbadala, kwa kuwa protini zake hufanana mno na za ng'ombe na watoto wengi wenye mzio huu hudhurika nayo. Ziwa la mama linabaki kuwa bora, na Shirika la Afya Duniani hushauri kunyonyesha kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Mama hana haja ya kujinyima vyakula isipokuwa daktari amegundua kwamba mtoto hudhurika kupitia ziwa. Omena zinazoliwa na mifupa yake, mboga za kunde na sukuma wiki humwongezea mtoto madini ya kalisi. Aliye chini ya mwaka mmoja asiyenyonya anahitaji maziwa maalumu yanayoelekezwa na daktari.

Uzito na urefu uandikwe kila mwezi katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza pia kumpima mtoto mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, mzunguko wa mkono ulio chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, na ulio chini ya 11.5 ni wa kupelekwa hospitalini bila kukawia.

Hofu nyingine isiyo na msingi ni ya chanjo. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa nchini Kenya mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, ni salama kwa mwenye mzio wa mayai. Mzazi amjulishe muuguzi kuhusu mzio huo, lakini asikose kumpeleka mtoto. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayohitaji ushauri wa daktari kwanza.

Saa ya dharura

Mtoto akionyesha dalili za pumzi au kulegea baada ya kula, hiyo ni anafilaksia hadi ithibitishwe vinginevyo. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa nje wa paja, katikati. Kipimo kinachotumiwa na wahudumu wa afya ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 0.1, na sindano yaweza kurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hajapata nafuu. Adrenalini ni dawa ya kale, ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sindano zilizotengenezwa tayari kwa mzazi kujichomea mwanawe, zinazotumika Ulaya na Marekani, ni ghali na si rahisi kuzipata Kenya. Mzazi wa mtoto aliyewahi kupata mzio mkali amwombe daktari mpango wa maandishi kuhusu dawa atakayokaa nayo nyumbani, na afundishwe kuitumia.

Piritoni na dawa nyingine za kupunguza mwasho husaidia vipele, lakini haziwezi kufungua koo lililovimba wala kuinua shinikizo la damu lililoshuka. Wazazi wengi hupoteza dakika za thamani wakisubiri dawa ya kunywa ifanye kazi. Hali kadhalika, kumnywesha mtoto maziwa, mafuta au mkaa uliosagwa, au kumtapisha kwa kidole, huongeza hatari ya kupaliwa.

Mtoto aliyelegea alazwe mlalo, na akitapika ageuzwe ubavu. Anayehema kwa shida aachwe akae, ila asisimamishwe wala kutembezwa. Mdogo wa kubebwa apakatwe mlalo mikononi, asibebwe wima begani wala mgongoni, kwani kumsimamisha ghafla kwaweza kuuzima moyo ambao damu yake imepungua. Ndiyo maana gari ni bora kuliko bodaboda. Ikiwa bodaboda ndiyo iliyopo, mtoto apakatwe kwa ulalo na mtu mzima aliyeketi nyuma.

Mzazi asingoje usiku wa dharura ndipo aulize. Siku ya amani apite katika kituo cha afya kilicho karibu na kwake, aulize kama adrenalini ipo na nani yuko zamu usiku. Aweke pia namba za simu za jirani mwenye gari na za mwendesha bodaboda anayemwamini. Mtoto akishapata nafuu, abaki hospitalini kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili huweza kurudi bila yeye kula chochote.

Kila mkono ujue

Mpango wote huu hauna maana ikiwa unajulikana na mama peke yake. Kukhu, baba, ndugu wakubwa, yaya, mwalimu wa chekechea na majirani wa karibu waelezwe mambo matatu: chakula ambacho mtoto hali, dalili za kutazama, na hatua za kuchukua. Karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili au Luluhya na kubandikwa jikoni hutosha. Mtoto afundishwe mapema kutopokea chakula kabla ya kumwonyesha mtu wa kwao.

Mazungumzo na wazee yahitaji adabu. Nyanya aliyelea watoto saba kwa njugu na mayai anaweza kuona kwamba mkaza mwanawe anamnyima haki ya kumlisha mjukuu. Ni vyema baba wa mtoto ndiye azungumze na mama yake, au muuguzi afike nyumbani aeleze. Nyanya akipewa jukumu la mlinzi, asichukuliwe kama mshukiwa, mara nyingi huwa mkali kuliko mama mwenyewe.

Katika matanga, harusi na sherehe za kanisani, ambako sahani moja huzungukwa na watoto wengi, mtoto mwenye mzio apelekewe chakula chake kutoka nyumbani na ashibishwe kabla ya kufika. Mtu mmoja ateuliwe kumwangalia. Kusema kwamba wote watamwangalia mara nyingi humaanisha hakuna atakayemwangalia.

Kuzuia na kutumaini

Kwa miaka mingi wazazi waliambiwa wachelewe kuwapa watoto njugu na mayai. Ushauri huo umebadilika. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka wa 2015, ukihusisha watoto 640 walio katika hatari kubwa, ulionyesha kwamba waliolishwa njugu karanga tangu uchangani walipata mzio wa njugu kwa kiwango cha chini kwa asilimia takriban 80 wakilinganishwa na walionyimwa hadi umri wa miaka mitano. Kwa hivyo mtoto akishatimiza miezi 6 na kuanza kula, njugu zilizosagwa laini na kulainishwa katika uji, pamoja na yai lililoiva vizuri, ziwe miongoni mwa vyakula vyake vya mwanzo. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza. Njugu nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, awe na mzio au asiwe nao, kwani humpalia.

Kwa wenye mzio tayari, muda huleta nafuu kwa wengi. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na wa mayai hupona kadiri wanavyokua, baadhi yao kabla ya kuanza shule ya msingi. Wenye mzio wa njugu karanga wanaopona ni kama mmoja kati ya watano, na mzio wa samaki aghalabu hudumu maishani. Ndiyo sababu mtoto arudishwe kwa daktari kila mwaka ili apimwe upya, asije akaendelea kunyimwa yai ambalo mwili wake umekwisha kulisamehe.

Hadi siku hiyo ifike, mtoto wa Mukumu ataendelea kulishwa na mikono mingi, na haifai kuikata mikono hiyo. Inatosha kila anayemnyooshea chakula ajue la kuuliza kabla, na la kufanya baadaye mambo yakiharibika.